Kidole cha Shahada

Jang'ombe, Mjini Unguja
Jumatatu, 24 Februari 2025

Bi Amne,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta salama ndani ya eda yako, kama mimi nilivyo salama ndani ya yangu. Leo ni siku ya ishirini na moja tangu Mkadam alipotutoka.

Utashangaa kuandikiwa. Namba yako ninayo, imo katika simu ya marehemu. Lakini miaka ishirini na sita tumekuwa wake wenza na sauti yako nimeisikia mara moja tu, kwenye harusi ya binti yangu Tahiya, ulipopiga hodi ukabaki mlangoni na sinia lako la maandazi. Sijui ningeanzaje kwa mdomo. Kwa kalamu mtu anaweza kufuta.

Neno lenyewe ni dogo. Mfuko wa bima ya afya aliokuwa nao Mkadam umeleta barua. Unasema mstaafu akifariki, mwenza wake aliyeandikwa katika faili ataendelea kutibiwa, ila athibitishwe ndani ya siku tisini, yaani kabla ya tarehe nne Mei. Na sisi eda yetu ni miezi minne na siku kumi. Waliopanga hizo siku tisini sidhani kama waliwauliza wajane. Nimewapigia simu, wakasema watamleta mtu nyumbani.

Wanataka kivuli cha hati yako ya ndoa kwa ajili ya faili la marehemu. Mpe shemegi Kificho, anakuja Darajani na pweza kila Jumatatu na Alkhamisi. Bahasha uibandike vizuri. Kificho ni jina tu, yeye hafichi kitu.

Jana nilipanga penseli za marehemu. Zote amezichonga kwa wembe, na maganda yake ameyahifadhi katika kopo la maziwa. Sijui alikuwa akiyawekea nini. Sikuyatupa.

Mimi,
Riyama


Matemwe
Alkhamisi, 6 Machi 2025

Bi Riyama,

Wa alaikumu salaam. Shikamoo.

Kivuli cha hati nimekuletea. Ilibidi Kificho akitolee Kinyasini, kwa sababu mashine ya hapa imeharibika. Njiani amekisoma, bila shaka. Amerudi ananiambia, "Shemegi, kumbe mahari yako hayafiki bei ya mbuzi!" Nikamwambia yeye hata kwa bei ya kuku hajapata wa kumchukua.

Sikuulizi hati ni ya nini. Wewe ndiye mke mkubwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukimshughulikia karatasi zake. Mimi karatasi yangu ni hiyo moja.

Umesema sauti yangu umeisikia mara moja. Yako mimi nimeisikia mara nyingi, ulipokuwa ukimpigia akiwa hapa, kumkumbusha dawa yake ya shinikizo la damu. Alikuwa akitoka uwani ili nisisikie, naye anapaza sauti kama yuko kazini, anapima viwanja na mwenzake yuko ng'ambo ya konde.

Macho yako vipi? Aliniambia una presha ya macho, na kwamba chupa ya matone ni ghali na haimalizi mwezi. Siku hizi unaipata wapi?

Amne Haji


Jang'ombe
Jumatatu, 17 Machi 2025

Bi Amne,

Marahaba. Ramadhani imeingia na hakuna wa kulalamika kwamba uji una pilipili manga nyingi. Naupika vilevile, sikupunguza.

Macho yangu hayajambo. Matone nayapata hospitali, Alhamdulillahi. Usijishughulishe.

Umesema huulizi, lakini si vibaya ujue mambo haya yalivyo, kwani mimi mwenyewe sikuwa nikiyajua sawasawa mpaka nilipozungumza na bwana mmoja wa mfuko, jina lake Borafya. Ameniambia mstaafu huandika mke mmoja tu. Nikamwuliza, je, aliye na wawili? Akasema, "Mama, mashine ina nafasi moja." Njia ya pili ni mtoto aliye mtumishi wa Serikali, yeye anaweza kumwandika mzazi wake. Mzazi aliyemzaa, si mama wa kambo. Njia ya tatu ni mtu kujiunga mwenyewe kwa ada ya mwaka, lakini ugonjwa aliokuja nao hauguswi mpaka mwaka wa kwanza uishe.

Basi ndiyo hayo. Mimi nitayamaliza, wewe pumzika. Mkadam alikuwa akisema hospitali huipendi, ukiumwa unachemsha mizizi yako na kunyamaza. Ni kweli?

Katika shati lake la kazi nimekuta kipande cha utepe mwekundu, ule aliokuwa akifunga kwenye vigingi vya viwanja. Amestaafu miaka minane na bado alikuwa nao mfukoni. Nimeukata kati kwa kati. Nusu yako imo humu.

Riyama


Matemwe
Alkhamisi, 27 Machi 2025

Bi Riyama,

Shikamoo.

Utepe nimeupata. Nimeufunga kwenye msumari wa mlango, pale alipokuwa akitundika kofia.

Ni kweli, hospitali siipendi. Nilikwenda mara moja, mwaka juzi, na sikurudi. Mwani nimeacha kuulima kwa sababu tumbo halitaki nibebe kitu kizito. Wanawake wenzangu huko pwani wananitania, wanasema Amne ana mimba ya miaka miwili. Nami nawajibu, "Nangoja mapacha, wana haraka gani?" Hayo yatosha.

Kuna jambo nataka ulijue, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Alipokuja hapa Januari, mguu umemvimba, alikaa kizingitini akasema, "Amne, niwie radhi." Mwanamume hasemi hivyo ila akihisi safari yake. Mimi nilikuwa napaa samaki. Nikamwambia, "Chai inapoa." Akanywa chai yake yote. Kesho yake Kificho akamrudisha mjini, na baada ya wiki mbili nikaletewa habari.

Sikumpa radhi. Nilikuwa na sababu yangu, na nimekaa nayo mwaka na nusu. Tumo katika kumi la mwisho la mwezi na kila nikinyanyua mikono namwombea kwa ulimi, moyo hauji.

Je, alinitaja?

Amne Haji


Jang'ombe
Alkhamisi, 10 Aprili 2025

Bi Amne,

Barua yako niliisoma siku ya sikukuu, na nimekaa nayo siku kumi.

Alikutaja. Siku mbili kabla hajafa aliniuliza, "Amne anakwenda hospitali? Nilimwandika yeye." Nikamjibu, "Anakwenda." Huo ndio uongo wa mwisho niliomwambia, na haukuwa wa kwanza.

Juzi Borafya alikuja. Tahiya alikuwa ametoka skuli ya Serikali anakofundisha, amekaa kando yangu anamenya vitunguu. Tulitundika pazia, naye akakaa upande wa pili, juu ya mkeka.

"Utanisamehe kwa pazia, mwanangu," nikamwambia.

"Halina neno, mama. Mke wa ami yangu alikaa eda mwaka jana. Tulikuwa tukizungumza hivihivi, na sukari ananituma hivihivi."

Akapitisha chini ya pazia mashine ndogo, kama boksi la sabuni, ina kioo na taa nyekundu. Akasoma, "Bi Amne Haji Kheir?"

Nikaitika, "Naam."

Jina hilo nililiitika bila kusita, kwa sababu nimelizoea. Tahiya kisu kilimsimama mkononi.

"Kidole cha shahada, mama, mkono wa kulia. Bonyeza mpaka ilie."

Hicho ndicho kidole ninachokinyanyua kila sala, kushuhudia. Nilikiweka juu ya kioo. Kioo kilikuwa cha baridi. Nikakiondoa kabla mashine haijalia.

"Kina jeraha?" akauliza.

"Hakina," nikamwambia. "Mimi si Amne Haji."

Sasa nakueleza wewe kama nilivyomweleza yeye. Mwaka juzi Mkadam alipojaza fomu ya mfuko alikuandika wewe, kwa herufi zake kubwa za kupimia ardhi, zisizokosewa. Aliniambia wazi, "Wewe una Tahiya. Amne hana mtoto, hana njia nyengine." Miaka thelathini na tisa nimekaa naye, na siku ile akaniambia nina Tahiya. Mguu ulikuwa unamuuma, akanipa mimi fomu nikaipeleke. Mahali pa picha aliacha wazi, akasema wewe utakuja kupigwa. Kwenye pochi yangu zilikuwamo picha zangu nne, zilizobaki nilipotaka kwenda Umra nisijaaliwe. Pale dirishani yule dada akaniuliza, "Picha ya mke iko wapi?" Nikatoa moja.

Siku hizo hawakuchukua kidole. Walitaka picha tu.

Kadi ilipotoka niliichukua mimi, nikaificha katika bati la nyuzi. Mkadam nikamwambia kadi haina kazi, Amne akienda hospitali ataje jina lake tu. Nilijiambia wewe huendi hospitali. Kwa miaka miwili muuguzi anaita Amne Haji, na mimi nasimama kuchukua matone. Mara ya kwanza nilingoja aite tena. Mara ya tatu sikungoja.

Borafya akaivuta mashine yake chini ya pazia. Kisha akasema, "Mama, mimi nimekuja kwa kidole, sasa naondoka na kesi."

Na Tahiya akaniambia, "Nafasi yako kwangu ipo tangu mwaka juzi. Si wewe uliyenambia baba ameshakuandika?" Ni kweli, nilimwambia hivyo. Mlango wangu ulikuwa wazi muda wote. Nilikwenda kuuziba wako.

Borafya anasema kuhusu mimi wataamua wenyewe. Kuhusu wewe, nafasi ni yako, jina ni lako, lakini ni lazima uandike kwa mkono wako kwamba hukushiriki, uambatanishe barua ya sheha wa kijiji chenu, nawe uweke kidole kabla ya tarehe nne Mei. Ikipita hiyo nafasi inafungwa, na hakuna mwengine wa kukufungulia. Yuko tayari kuja Matemwe. Namba yake imo nyuma ya karatasi hii.

Sijui tumbo lako lina nini. Nilipaswa kuuliza kabla ya leo.

Riyama


Matemwe
Alkhamisi, 24 Aprili 2025

Bi Riyama,

Leo sikuanza kwa shikamoo. Itakuja siku nyengine, au haitakuja.

Nakwambia kilichotokea mwaka juzi. Nilikuwa natoka damu siku kumi na nane mfululizo. Mkadam akaniambia, "Nenda, nimekuandika, taja jina lako tu." Nikaenda hospitali, nikataja jina langu. Mwenye kompyuta akanitazama, akaitazama kompyuta, akanitazama tena. Akasema, "Bi, huyu si wewe." Akaigeuza nami nione. Nilikujua palepale. Ulikuwa na mtandio uleule wa harusi ya Tahiya. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu. Mtu mmoja akasema, "Siku hizi hata majina yanaibwa." Alinikusudia mimi, mwizi wa jina langu mwenyewe.

Nilirudi nyumbani na damu yangu. Nikasema, Mkadam amefanya hesabu zake za kugawa viwanja: huyu nimpe jina, huyu nimpe picha, kila mmoja aridhike. Sikumuuliza. Tangu siku ile nilimpikia, nilimfulia, nilimtandikia, na neno la zaidi ya salamu hakulipata kwangu. Mwaka na nusu. Alikuwa akiniuliza, "Amne, una nini?" Nikamwambia sina kitu.

Amekufa hajui kosa lake. Na kosa hakuwa nalo.

Barua yako niliisoma mchana, nikaenda kukaa pale kizingitini. Nikamwambia, nimekuwia radhi, na wewe niwie. Nilisema kwa sauti. Jirani akauliza nazungumza na nani, nikamwambia na paka.

Hati ya ndoa nilikuletea makusudi. Nilitaka nione utafika nayo wapi. Ungeweka kile kidole, ningejua wewe ni mtu wa namna gani, na ningekaa na hilo pia.

Barua ya sheha ninayo. Maelezo nimeyaandika, ila Borafya anataka niseme sikujua kitu. Hilo sikuandika. Nimeandika kwamba picha niliiona, na nilidhani ni mume wangu aliyefanya. Kama kusema kweli kutanifungia nafasi, na ifungwe. Tumeshadanganya ya kutosha katika faili moja.

Mkadam nimemsamehe. Wewe sijui. Usinihimize.

Amne Haji


Jang'ombe
Jumatatu, 5 Mei 2025

Bi Amne,

Borafya amenipigia. Kidole chako kimepokewa Ijumaa, siku mbili kabla ya mwisho. Anasema maelezo yako yamesomwa na wakubwa wake mara tatu, na mmoja akauliza kama mwandishi ni mwalimu. Anasema pia umempa pweza na hukutaka kusikia habari ya kukataa.

Picha yangu imefutwa. Mimi Tahiya ameniandika, lakini kwa nililolifanya nitakaa miezi sita bila kutibiwa kwa mfuko. Barua yao nimeitia saini. Niliona ni haki.

Kwa daktari wenu, mwambie ulitoka damu lini kwanza, na siku ngapi. Usiseme sina kitu. Wao hawana njia ya kukujua ila kwa unayoyasema.

Sikuhimizi.

Riyama


Mjini, wodi ya wanawake
Jumatano, 9 Julai 2025

Bi Riyama,

Shikamoo.

Nimeandika hivi kitandani, kwa hiyo herufi zimelala na mimi.

Wamenitoa uvimbe tatu. Daktari alinionyesha kwa vidole ukubwa wake, nikamwambia basi ni mapacha na mdogo wao. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Anasema ningekuja miaka miwili nyuma ungekuwa mmoja, na mdogo. Nakuandikia kwa sababu nilipaswa kumwambia mtu, na huyo mtu ni wewe, hakuna mwengine.

Wameniambia ulikuja jana nikiwa katika usingizi wa sindano. Ulikaa saa nzima, wamesema, umeshika kikapu mapajani, na ulipotoka uligongana na meza kwa sababu ulikuwa huioni. Matone yamekwisha? Usiniambie hujambo. Mwambie Tahiya leo hii.

Supu nimeinywa. Pilipili manga ni nyingi. Alikuwa na haki ya kulalamika.

Ijumaa waje wote wanaotaka kuja, saa kumi ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Barua usimpe tena Kificho.

Neno la mwisho. Juzi asubuhi tulikaa wanawake sita kwenye benchi, tunangoja kuingizwa chumba cha upasuaji. Muuguzi akatoka na faili, akaita, "Amne Haji." Wote tukatazamana. Nami nikanyamaza, kama mtu anayengoja mwengine aitike kabla yake. Akaita mara ya pili.

Nikaitika naam.

Amne Haji